Mweusi mwenye kadi ya wabaguzi: kicheko nacho ni chombo cha kazi

Polisi mweusi anaingia katika chama cha wazungu wanaochukia watu weusi, na wenyewe wanamtumia kadi ya uanachama. Ukisikia hivyo utasema ni hadithi ya kuchekesha watoto jioni. Kumbe ni jambo lililotokea kweli, katika mji wa Colorado Springs, Marekani, mwaka 1978. Miaka 40 baadaye, mwaka 2018, mtengenezaji wa filamu Spike Lee akaligeuza kuwa sinema, BlacKkKlansman. Ilipata tuzo kubwa ya pili ya Cannes, Ufaransa, mwezi wa Mei mwaka huo, na mwaka 2019 ikapata Oscar ya maandishi ya filamu.

Filamu hiyo ilifika hata kwetu, kwenye kadi za memori, na vijana wakaionyesha katika vyumba vya video. Sisi wa chama cha wafanyakazi tuliiangalia pamoja na wachimbaji, bamama na vijana, wengine wa Kasongo, wengine waliotoka upande wa Kabambare. Watu walicheka sana. Kiisha wakanyamaza. Kiisha wakaanza kubishana mpaka jenereta ikazimwa. Mzee mmoja aliuliza: "Sasa tulikuwa tunacheka nini? Ile ni mambo ya kulia." Swali lile ndilo limetufanya tuandike maneno haya.

Jambo lenyewe lilivyokuwa

Ron Stallworth alikuwa mweusi wa kwanza kuwa mpelelezi katika polisi ya Colorado Springs. Siku moja ya mwaka 1978 alikuwa akisoma gazeti, akaona tangazo dogo: Ku Klux Klan inatafuta wanachama.

Kwa wale wasiojua, Klan ni chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1865, baada ya vita vilivyovunja utumwa. Watu wake walivaa kanzu nyeupe na kofia zenye ncha, wakachoma misalaba usiku na kuua watu weusi. Baadaye waliwachukia pia Wayahudi na Wakatoliki.

Stallworth akaandika barua akijifanya mzungu mwenye hasira. Lakini akatia sahihi jina lake mwenyewe la kweli. Baada ya siku chache simu ikalia: ni mkubwa wa Klan wa mji ule, anataka kuonana naye. Sasa afanye nini? Sauti anaweza kuitoa, lakini ngozi ataificha wapi? Akamtafuta polisi mwenzake mzungu. Kwenye simu ni Stallworth mweusi anayesema, kwenye mikutano ni Stallworth mweupe anayeketi. Mtu mmoja, miili miwili. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi, na wale watu hawakushtuka.

Iko jambo linalochekesha zaidi. Stallworth alikuwa akipiga simu mpaka kwa David Duke, mkubwa wa Klan ya nchi nzima, wanazungumza kama marafiki. Akamuuliza kama haogopi kudanganywa na mweusi kwenye simu. Duke akamjibu kwamba yeye anamtambua mweusi mara moja, kwa namna anavyotamka maneno. Mwalimu huyo wa kutambua weusi alikuwa akimweleza mweusi! Halafu Duke alipokuja kutembelea mji huo, nani alipewa kazi ya kumlinda? Ni Stallworth huyohuyo, kwa sura yake. Akaomba kupigwa picha naye, na picha ilipokuwa inapigwa akamwekea Duke mkono begani.

Mwisho wa hesabu, upelelezi ulionyesha kwamba ndani ya Klan ile walikuwemo wanajeshi, hata watu wa kikosi kinacholinda anga la Marekani. Kisha wakubwa wa polisi wakaamuru kazi ifungwe na karatasi ziharibiwe. Stallworth alibaki na kadi yake ya Klan, na mwaka 2014 akatoa buku lake.

Kweli iko wapi, na kilichoongezwa ni kipi

Sisi wa migodini tunajua kupepeta. Si kila kinachong'aa kwenye karai ni dhahabu. Basi na filamu tuipepete.

Tangazo, simu, kadi, Duke, kazi ya kumlinda, picha: hayo yanatoka kwa Stallworth mwenyewe. Lakini katika filamu yule polisi mzungu ni Myahudi, anayeitwa Flip Zimmerman. Hilo limeongezwa. Msichana mwanafunzi anayempenda Ron ameongezwa. Bomu la mwishoni limeongezwa. Hata mwaka umerudishwa nyuma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na pale mwishoni Ron anapompigia Duke simu na kumwambia kwamba yeye ni mweusi, watu wakapiga makofi chumba kizima, hilo halikutokea namna ile.

Je, tuseme Spike Lee amedanganya? Hapana. Filamu si raporo ya polisi. Lakini mtu anayeangalia ajue. Vijana wetu wanaamini kila kitu kilichoandikwa "kisa cha kweli", na hapo ndipo mtu hudanganywa kwa urahisi. Kutia Myahudi ndani ya kisa kulikuwa na maana: tunamuona mtu aliyekuwa hafikirii habari za asili yake, mpaka siku anaposikia wenzake mezani wakitukana watu wake, naye inambidi acheke pamoja nao. Wangapi kati yetu tumewahi kukaa kwenye meza ambapo kabila letu linatukanwa kwa mzaha?

Kwa nini kucheka?

Mbaguzi anataka vitu viwili: umwogope, na umheshimu. Ukimwogopa, amepata kimoja. Ukimjibu kwa matusi, anasema, "Mmeona? Niliwaambia ni washenzi." Lakini ukimcheka, anapotea. Kanzu yake nyeupe inakuwa shuka. Maneno yake makubwa yanakuwa maneno ya mlevi.

Mwanzoni mwa filamu kuna mtu mmoja aliyevaa vizuri, anayejiita daktari, anayetoa somo la kuchukia weusi. Katikati ya somo anakosea maneno, anauliza mstari unaofuata, anarudia. Watu kwetu walicheka hapo kwanza. Maana yake iko wazi: chuki ile si akili, ni somo lililokaririwa, na mwalimu mwenyewe hajalishika.

Lakini Spike Lee hakuacha kicheko kiende bure. Katikati anaweka pande mbili. Huku watu wa Klan wanaangalia filamu ya zamani ya mwaka 1915, The Birth of a Nation, iliyowasifu mababu zao, wanakula, wanashangilia. Kule mzee Harry Belafonte, mwimbaji aliyepigania haki za weusi maisha yake yote, anawasimulia vijana habari ya Jesse Washington, kijana mweusi aliyechomwa moto mbele ya umati mkubwa mjini Waco, Texas, mwaka 1916. Hapo hakuna aliyecheka. Tunaona kwamba hata wauaji wana kicheko chao. Na ile filamu ya 1915 ilisaidia kuifufua Klan iliyokuwa imekwisha kufa. Kwa hiyo sinema si mchezo. Inaweza kufufua chama cha wauaji, na inaweza kukivua nguo.

Mwisho kabisa tunatolewa miaka ya 1970 tunatupwa mwaka 2017, mji wa Charlottesville. Ni picha za kweli: wabaguzi na mienge yao, halafu gari linaingia katika watu waliokuja kuwapinga. Mwanamke mmoja, Heather Heyer, aliuawa tarehe 12 Agosti. Duke anaonekana tena, mzee sasa. Filamu ilitoka Marekani karibu na siku ya kumbukumbu ya kifo kile. Ni kama kusema: mlicheka, vizuri, lakini yule mliyemcheka bado anatembea.

Wazee wetu walicheka pia

Kuna waliosema, "Hayo ni mambo ya Wamarekani." Hapana, wandugu. Kongo ina historia yake ya kumcheka mkubwa.

Anzeni na majina. Wazungu walipofika, wazee hawakuwaita kwa majina ya pasipoti. Waliwaangalia, wakawabatiza. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likahamia kwa serikali yote ya kikoloni. Wengine waliitwa kwa tumbo lao, kwa miwani, kwa fimbo yao. Bwana mkubwa anapita amenyoosha shingo, hajui kwamba kijiji kizima kina jina lake ambalo hatalisikia. Sisi wachimbaji tunaongeza hapo la kwetu: kama ni kuvunja mawe, tangu zamani aliyevunja mawe ni mweusi. Bula Matari wa kweli ndiye yule aliye ndani ya shimo.

Mwaka 1905 mwandishi Mmarekani aliyejulikana kwa kuchekesha, Mark Twain, alifanya juu ya Kongo kitu kinachofanana na kazi ya Stallworth. Aliingia ndani ya ngozi ya mfalme Leopold wa Pili, akaandika kijitabu ambamo mfalme anazungumza peke yake chumbani. Mfalme analalamika: amefanya wema mwingi, lakini wamisionari wanamsema, na kibaya zaidi ni kile kikamera kidogo ambacho hakuna hongo kinachokubali. Wakati ule picha za watu wetu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira, nyingi zilizopigwa na mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris, zilikuwa zinazunguka Ulaya na Marekani. Msomaji anacheka mfalme, kisha anaiona picha, na kicheko kinamkwama kooni. Mwaka 1908 Leopold aliachishwa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Si kijitabu peke yake kilichofanya hivyo, lakini kilitia mkono.

Na Lumumba? Yule aliyezaliwa Onalua, jirani zetu wa Sankuru, aliposimama mbele ya mfalme Baudouin tarehe 30 Juni 1960, alikumbusha jambo dogo kama mzaha lakini lenye uchungu: kwamba mweusi aliambiwa "tu", si kwa sababu ni rafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima iliwekewa wazungu tu. Kila aliyewahi kufanya kazi chini ya bwana alijua anasema nini. Neno moja la Kifaransa, na ukoloni wote umo ndani.

Kule Lubumbashi kulikuwa na kundi la Mufwankolo, lililoanza siku za ukoloni na kusikika kwenye radio na televisheni. Walicheza kwa Kiswahili cha mji, bila karatasi. Wanakubaliana kisa, halafu kila mtu anatoa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, walicheza juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa nzima. Kisa kilikuwa cha chifu wa kijiji. Aliyetaka kusikia kijiji alisikia kijiji, aliyetaka kusikia Kinshasa alisikia Kinshasa.

Kicheko cha upande wa pili

Lakini tusidanganyane. Si kila kicheko kinamsaidia mnyonge. Miaka ya 1950, huko Kasai, padri mmoja Mbelgiji, Albert Van Haelst, alitengeneza filamu za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwenzake mwembamba, wote weusi, wanaoanguka na kukosea kila wakati. Weusi walicheka sana, hata leo kuna wazee wanaozikumbuka kwa mapenzi, na wachezaji wenyewe walikuwa na kipaji. Lakini kamera ilikuwa mkononi mwa nani? Mweusi alichezeshwa, hakupewa nafasi ya kumchezesha mzungu anayeanguka.

Hali ni ileile kwa Tintin au Congo ya Hergé, iliyoanza kutoka gazetini Ubelgiji mwaka 1930. Weusi wana midomo minene, hawajui kitu, wanapiga magoti. Mwaka 2007 Mkongomani anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho mjini Bruxelles. Mwaka 2012 mahakama ilikataa madai yake. Hata hivyo watu wengi walilazimika kukifungua tena kile kitabu na kukitazama kwa macho mengine.

Basi kipimo chetu ni hiki. Usiulize tu, "Inachekesha?" Uliza: "Anayechekwa ni nani, aliye juu au aliye chini? Na nani ameshika kamera?"

Meza mbili, maji mawili

Tuache Marekani kidogo. Katika kampuni moja tulipofanya kazi, kulikuwa na meza mbili za kula. Moja ya ma-ekspatrie, moja yetu. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba hapa ni pa wazungu. Waliandika "kada" na "wengine". Lakini fundi wetu mwenye diploma na miaka 15 ya kazi alikula kwa wengine, na kijana aliyetoka ng'ambo na mwaka mmoja wa kazi alikula kwa kada. Maji pia: kule chupa zilizofungwa, huku pipa lenye kikombe kimoja cha kamba. Tuliandika barua. Tulijibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Tukaandika tena.

Siku ya 1 Mei, vijana wetu wakacheza mchezo. Mmoja alivaa kofia nyeupe ya mgodi na miwani, akajiita Bwana Chupa. Mwingine alikuwa Pipa. Hakukuwa na matusi. Bwana Chupa alishika kiu shimoni, chupa yake imekwisha, na akawa anaeleza kwa heshima nyingi kwa nini yeye hawezi kunywa maji ya Pipa, ingawa anakufa. Pipa naye akamjibu kwa maneno ya barua zetu: "Jambo lako linaangaliwa." Wafanyakazi walicheka mpaka machozi. Bamama walipiga vigelegele. Wakubwa, waliokuwa wamekaa mbele, walicheka kwanza. Kisha mmoja akaacha kucheka, na wengine wakamwangalia, wakaacha.

Siku ya kazi iliyofuata ma-delege waliitwa ofisini. "Nani aliandika mchezo ule?" Wakajibu kwamba hakuna aliyeandika, kila mtu alitoa maneno yake. Ilikuwa kweli. Huwezi kumfukuza mtu mmoja kwa kicheko cha watu 300. Kabla ya mwezi kwisha, pipa liliondolewa, likaletwa tanki lenye filtri na vikombe. Meza zilibaki mbili. Mishahara ilibaki ilivyokuwa. Tunalisema hili wazi ili mtu asifikiri kwamba mchezo unatosha. Kicheko kilifungua mlango. Kuingia ndani na kukaa kwenye mazungumzo ya mkataba ni kazi ya sindika, na hiyo kazi haichekeshi.

Swali la mpelelezi

Iko jambo ambalo wachimbaji waliliona upesi kuliko wengine. Kijana mmoja alisema: "Yule Ron ni mpelelezi. Leo anapeleleza Klan. Jana alipeleleza nani?"

Swali zuri. Hata katika filamu yenyewe, kazi yake ya kwanza ya siri ni kwenda kumsikiliza Kwame Ture, yule aliyeitwa zamani Stokely Carmichael, kiongozi wa weusi, ili awaletee wakubwa habari. Hilo nalo ni la kweli. Mtengenezaji wa filamu Boots Riley, mweusi kama Spike Lee, alilitoa hadharani mwaka uleule wa 2018. Alisema kwa ufupi kwamba filamu inawafanya polisi waonekane mashujaa wa kupinga ubaguzi, wakati polisi na FBI walitumia miaka mingi kuingiza watu wao ndani ya vyama vya weusi ili kuvivunja. Spike Lee alijibu kwamba filamu zake zimewakosoa polisi mara nyingi, lakini hawezi kusema kwamba polisi wote ni wabaya. Riley huyo naye mwaka huo alitoa sinema yake ya kuchekesha, Sorry to Bother You: kijana mweusi anauza vitu kwa simu, anaona kwamba akitumia sauti ya kizungu watu wananunua. Na humo ndani wafanyakazi wanaunda sindika na kugoma. Tunawashauri ma-delege waitafute.

Kwetu jambo hili si la sinema. Colorado hiyohiyo ni nchi ya migodi. Tarehe 20 Aprili 1914, kule Ludlow, wachimbaji wa makaa waliogoma walishambuliwa katika kambi yao ya mahema. Wanawake 2 na watoto 11 walikufa katika shimo walimojificha, hema likiungua juu yao. Na kabla ya risasi, kampuni zilikuwa na wapelelezi katikati ya wachimbaji. Kongo nasi tuna siku yetu: Desemba 1941, Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi na wanajeshi wa kikoloni, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akauawa. Wakati ule wafanyakazi wazungu walikwisha kuunda chama chao. Mweusi alikuwa bado haruhusiwi.

Basi tukiangalia Ron tucheke, lakini tusisahau kwamba kipaji chake, kuvaa sauti ya mwingine, ndicho kipaji cha yule anayekaa nyuma mkutanoni, anacheka kwa nguvu kuliko wote, na asubuhi patroni anajua kila kitu. Dawa yake si kupiga mtu. Dawa yake ni mikutano ya wazi na maneno ambayo hata patroni akiyasikia hatuna haya.

Mshenzi ni nani?

Sasa tunafika kwenye kidonda. Ubaguzi si wa mzungu peke yake.

Sisi wa Kasongo ni watu wa mji wa Tippu Tip. Kabla Wabelgiji hawajauteka mwaka 1893, hapa palikuwa na soko la watumwa na pembe, na watu waligawanywa: huyu mwungwana, yule mshenzi. Mwungwana anavaa kanzu, anajua Kiswahili. Mshenzi ametoka porini, anaweza kuuzwa. Soko limefungwa zaidi ya miaka 130 sasa. Neno halijafungwa. Bado tunalisikia barabarani, kwa mtu wa kijijini anayekosea matamshi.

Na Batwa je? Katika eneo la Kabambare na upande wa Tanganyika wanaishi pamoja nasi. Ni nani anayewaachia kiti kwenye matanga? Ni nani anayemlipa Mtwa aliyebeba mchanga sawa na Mbantu aliyebeba mchanga uleule? Mizaha juu yao iko mingi, na vita vya Batwa na Wabantu kule Tanganyika vimetuonyesha mzaha unakotufikisha. Kwanza unamcheka mtu hana akili, kisha unasema hana haki, kisha siku moja panga halioni kosa.

Mama mmoja aliyekuwa anaangalia filamu na sisi alisema neno ambalo wanaume walinyamaza kulisikia: "Wale wa kanzu nyeupe wanazungumza sawa na mashemeji zangu wakizungumza juu ya Batwa." Hapo ndipo filamu ya Marekani ilipokuwa filamu ya Maniema. Mchimba shimo hutumbukia mwenyewe. Hatuwezi kudai meza moja na ekspatrie huku nyumbani tumeweka meza mbili.

Sheria iko, tuijue

Wengi hawajui kwamba nchi yetu ina sheria juu ya mambo haya. Tunaziandika hapa, mkate gazeti mkaweke.

Ordonnance-loi namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inakataza ubaguzi wa rangi na wa kabila. Anayeonyesha chuki hiyo kwa neno, kwa ishara, kwa maandishi au kwa picha anaweza kufungwa mwezi 1 hadi miaka 2.

Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 86, inasema kazi ikiwa sawa, ujuzi ukiwa sawa na matokeo yakiwa sawa, mshahara uwe sawa, haidhuru mtu ametoka wapi. Kifungu cha 62 kinasema rangi, kabila au kuwa katika sindika si sababu halali ya kumfukuza mtu.

Na sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Batwa na ndugu zao wa misitu.

Karatasi peke yake haitembei. Mfanyakazi anayebaguliwa aandike tarehe, maneno aliyoambiwa na majina ya walioshuhudia, ampelekee delege wake. Stallworth alishinda Klan kwa sababu aliandika kila simu, si kwa sababu alijua kuchekesha tu.

Kwa wazazi: filamu ina matusi mazito na picha za kweli za kifo, si ya watoto wadogo. Vijana wa shule wanaweza kuiangalia, lakini mkae nao. Wakicheka, cheke nao. Ikiisha, waulize lile swali la mzee: tulikuwa tunacheka nini? Msiwape jibu upesi. Kwetu usiku ule hatukulipata lote, na mabishano yalituendea mpaka shimoni kesho yake. Hilo tu lilikuwa faida, maana siku ile kwenye shimo hakuna aliyeitwa mshenzi.